Gari Lile Lilikuwa Lako, Dada

Dada Skola,

Sijui barua ya namna hii inaanzwaje. Nikikuuliza hali nitaonekana nimerukwa na akili, na nikisema mimi ni mzima nitakuwa nakudanganya, na uongo wetu wawili umeshatosha. Basi nianze kwa ile salamu yetu ya asubuhi uliyoipenda, hata ikiwa mchana wa jua kali: mwakeye. Ulikuwa unacheka kwanza, ndipo unaitikia.

Ni miezi minane tangu tukuache Gwarama, kwenye ule mteremko wa nyuma ya nyumba yenu, jirani na shamba lako la maharage. Maharage yenyewe yalivunwa. Shemeji alipanda mengine mvua zilipoanza, akapalilia na watoto, na nilipopita kwao mwezi uliopita nilikula sahani mbili na ugali wa muhogo, nikaona aibu kuomba ya tatu. Yusta wako ameanza kidato cha kwanza. Amekuwa mrefu, anacheka kwa pua kama wewe, na nikimtazama sana huwa natafuta sababu ya kutoka nje. Wadogo zake bado wanauliza utarudi lini. Baba yupo palepale Kibondo, macho yamepungua nguvu lakini ulimi hapana. Na lami imefika, Dada. Unapanda basi hapa Kasulu, unasinzia kidogo, unashuka Kibondo bila vumbi, ukiwa na nywele zako nyeusi zilezile.

Sasa niseme kilichonikalisha kuandika. Nataka kumwambia Baba habari ya lile gari letu la bati. Uliniapisha nisiseme, na mpaka unaondoka hukunifungulia kiapo hicho. Nimekizunguka miezi minane yote, siwezi kukiruka wala kukaa nacho. Baba ni mzee. Akiondoka bila kujua, itakuwa nimewazika nyote wawili na uongo uleule.

Ngoja nikueleze ilivyotokea pale msibani, kwa kuwa wewe ulikuwepo lakini hukusikia. Siku ya pili, wazee wakiwa wamekaa nje, Baba alikuwa ameketi juu ya ule mkeka wa ukindu uliokwenda nao kwa mumeo siku ya harusi. Akaupapasa kwa kiganja, akawaambia waombolezaji, "Mkeka huu aliusuka mwenyewe, akiwa darasa la sita. Miaka yote hii haujaachia hata mshono. Huo ndio mkono wa Skolastika wangu." Wazee nao wakaupapasa, wakatikisa vichwa. Halafu akaninyooshea kidole mimi. "Na yule pale ndiye aliyetengeneza lile gari." Mimi nilikuwa nimesimama na birika la maji ya kunawa. Kutoka pale niliuona ukili wa nne, pale niliporuka jani moja nikaona uvivu kufumua. Nikawanawisha wazee mikono tu.

Nimeyarudia mambo yale kichwani mara nyingi mpaka nashindwa kujua yapi niliyaona na yapi ulinisimulia wewe. Yale malori, kwa mfano. Malori yaliyopeleka chakula kwenye kambi za wakimbizi yalikuwa yakisimama chini ya kwetu, madereva wakinunua ndizi. Watoto wote tuliyakimbilia kudandia nyuma. Wewe ulijitupa chali uvunguni, ukabaki humo kimya, mpaka dereva akakuvuta kwa miguu akifoka, "Huyu mtoto wa nani, anataka nifungwe?" Mama alikuchapa njia nzima mpaka nyumbani, na wewe katikati ya kilio ukasema, "Mama, kumbe magurudumu ya mbele yanashikwa kwa juu!" Akakuongeza fimbo mbili.

Wiki hiyohiyo gari lako la kwanza lilitembea. Bodi uliikata kwenye kopo la mafuta ya kula, yale makopo makubwa yaliyotoka kambini yakauzwa sokoni. Ekseli ulifanya spoku za baiskeli, springi ulifanya njiti za mwavuli wa padri uliopeperushwa na upepo, na magurudumu uliyakata kwa wembe kwenye soli za kandambili, kisha ukayasugua kwenye jiwe mpaka yakawa mviringo kabisa. Kandambili moja ilikuwa yangu. Nilikwenda shule na mguu mmoja peku wiki nzima na sikukuchongea, unalikumbuka hilo? Plaizi ya Baba uliichukua akienda shambani na kuirudisha kabla hajafika, ukiifuta na majivu ili asione alama za vidole. Kutoka kwenye magurudumu ya mbele ukapandisha waya, ukaufunga kwenye fimbo ndefu, na juu kabisa ukaweka ringi ya usukani. Ukaenda nalo ukitembea wima, ukakata kona kwenye kona ya jiko, kuku wakakimbia, na mimi nikapiga kelele kama nimeona simba.

Na mimi je? Mimi nilikuwa na kidonda cha mguu kilichokataa kupona msimu mzima, nikawa nashinda na Mama kibarazani. Yeye akisuka, mimi nikimpa majani. Nikaanza kusuka ukili mwembamba, halafu mpana, halafu wenye marembo. Mama akautazama akasema, "Una mkono mwepesi, mwana wanje, mwanangu. Ila usiwaambie wenzako." Wewe alikufundisha miaka mitatu na mkeka wako ukatoka na upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Tulipouanika nje hata kuku hawakuulalia.

Ndipo akaja yule mwalimu wa stadi za kazi, aliyehamishiwa kwetu kutoka Upareni. Tulikuwa darasa moja kwa sababu wewe ulicheleweshwa nyumbani kunilea mimi, na hilo nalo ni deni langu. Akasema kila mtoto alete kazi ya mikono yake, itawekewa alama: wasichana mikeka, fagio na makawa, wavulana mipini, miiko na magari. Kila shule ya nchi hii inajua kazi zile zinatengenezwa na nani. Wenzetu walikwenda kwa bibi na babu zao. Sisi tulikaa jikoni jioni ile, wewe ukachochea moto, ukasema kama mtu anayeomba chumvi, "Nipe mkeka, chukua gari."

Nikakuuliza, wakijua je? "Gari likishapita nani anauliza dereva?" ukasema. Halafu ukaniapisha. Si kwa Mama, ambaye alijua kila kitu na alicheka mpaka akakohoa. Ni kwa Baba. "Ukimwambia Baba, mimi si dada yako." Uliogopa habari ya plaizi. Tulikuwa watoto, tuliona kosa kubwa lililopo pale ni plaizi.

Mkeka ulipata alama nyingi. Gari likapelekwa kwenye maonyesho ya shule zote, na mimi nikaliendesha mbele ya wageni, na mgeni mmoja mwenye tai akasema, "Huyu ni injinia." Baba alikuwepo. Alilibeba lile gari mwenyewe kurudi nalo nyumbani, akapitia sokoni makusudi, na kila aliyemsimamisha aliambiwa. Tulipofika akaenda kwenye sanduku lake, akatoa ile plaizi, akanipa mbele yenu wote. "Chombo kinakwenda kwa mwenye mkono," akasema. Wewe ukainuka kwenda kisimani. Mitungi yote ilikuwa imejaa, niliiona. Nikashika plaizi nikasema asante Baba.

Tulipomaliza darasa la saba Baba alisema mmoja wetu ataendelea, na atakayeendelea atakwenda shule ya ufundi, maana Mungu ameshaonyesha. Ulinifundisha siku tatu kabla sijaondoka. Magurudumu ya mbele, Gervas, tazama, huu waya usiukaze hapa. Hapana, tazama tena. Sikuelewa siku ya kwanza, wala ya pili, na ya tatu nilijifanya nimeelewa ili usichoke. Kule karakana nilivunja kila nilichopewa nikaze. Mwalimu wangu alikuwa mtu muungwana, akaniambia pengine ningefaa zaidi kwenye ualimu. Baba mpaka leo anasema niliacha ufundi kwa sababu ya wito. Na wewe miaka miwili baadaye ukaolewa Gwarama, ukaenda na mkeka wangu chini ya kwapa.

Nilitaka kukuomba msamaha mara nyingi. Nikianza, unageuza maneno. "Mbona ulinisukia mkeka mzuri, nami nikapata mume?" Ulicheka, lakini nilikuwa nikiona mikono yako. Watu wa Gwarama walikuletea redio, baiskeli, majiko, hata ile pampu ya kunyunyizia dawa, nawe ulivifungua ukiwa umerudi shamba, kwenye taa ya simu, bila kufundishwa na mtu. Mtu anayefanya hivyo baada ya kulima kutwa hafanyi mchezo. Ni njaa hiyo.

Kisha nikaendelea kula kwako hata ukubwani. Kila mwaka, hapa chuo cha ualimu ninapofundisha, somo la vifaa vya kuchezea likikaribia, nilikupigia simu, na wewe unatuma gari kwa basi, limeviringishwa kwenye kipande cha salfeti. Konda ananipigia, "Mwalimu, mzigo wako una magurudumu." Nililiendesha kutoka mlangoni hadi dirishani, nakata kona kwenye miguu ya meza, wanachuo wanapiga makofi. Sikusema ni langu. Wala sikusema si langu. Kudanganya kwa kunyamaza mimi nimebobea, ningeweza kupewa cheti.

Mwaka huu simu ningempigia nani? Gari lako la mwisho liko kabatini kwangu na sikutaka lishikwe na mikono hamsini. Nikatengeneza la kwangu siku nne. Nikalipeleka darasani, nikalisukuma. Likaenda moja kwa moja, likagonga ukuta. Nikavuta usukani, likaenda moja kwa moja upande wa pili. Kijana mmoja wa Dar akasema, "Mkufunzi, hiyo si gari, hiyo treni. Haina kona." Darasa zima likavunjika mbavu, na mimi nikacheka nao. Nilipofika nyumbani nikakaa kizingitini na ile treni mapajani, na hapo, Dada, miezi minane baada ya kukufukia kwa mikono yangu, ndipo nilipojua kweli kwamba umekufa. Nilikuwa na swali ambalo ni wewe tu uliyekuwa na jibu lake. Nililia mpaka mke wangu akadhani nimepigiwa simu ya msiba mwingine.

Nikatoa gari lako kabatini nilifumue nione ulichofanya. Nikaweka plaizi kwenye fundo la kwanza. Lile fundo lako la kukunja mara mbili, ncha imeingizwa ndani ili isimchome mtoto. Sikuweza. Nikilifungua sitaweza kulifunga tena, na hakutatoka lingine Gwarama.

Naishia hapa leo. Kesho nalibeba kwenda nalo chuoni.

*

Dada, hapo juu niliandika Alhamisi. Leo ni Jumatatu na mengi yametokea, nisikilize.

Ijumaa niliweka gari mezani na kabla sijaligusa nikasema, "Hili alilitengeneza dada yangu, Skolastika, mkulima wa Gwarama. Na yote niliyowaonyesha wenzenu miaka iliyopita aliyatengeneza yeye. Mimi sijui." Kisha akainuka binti mmoja, wazazi wake walitoka Burundi zamani wakapata uraia, wanalima kule njia ya Nyarugusu. Hakuomba ruhusa. Alilichukua, akaligeuza magurudumu juu, akakata kona taratibu kwa kidole huku jicho liko karibu kabisa na bati. "Mkufunzi," akasema, "waya haugusi bati. Hapa katikati ameweka mrija wa kalamu."

Mrija wa kalamu, Skola! Kipande kidogo kama punje ya mchele, waya unazungukia humo ndani. Na miaka yote hiyo sikuwahi kuligeuza. Nililiendesha, nikalisifia, nikapigiwa makofi, na sikuwahi hata siku moja kulala uvunguni nikatazama. Kufikia saa sita mchana walikuwa na magari sita yanayokata kona, na yule wa Dar lake lilipinduka. Nimemwambia hiyo sasa ni ajali. Nilifurahi mpaka nikakosa pa kuiweka furaha, maana mtu wa kumsimulia ni wewe.

Jumamosi nikapanda basi kwenda kwa Baba.

Nilimkuta kibarazani anapukuchua mahindi. Nilikaa, nikachukua hindi, nikapukuchua naye debe zima bila kusema. Nilikuwa naogopa kama mtoto. Ile ndiyo hadithi anayoipenda kuliko zote, ndani yake ana watoto wawili wenye vipaji, na mmoja ameshamzika. Nikiigusa namwachia nini? Nikafikiri nirudi zangu Kasulu. Halafu jirani akapita njiani, akasalimu, na Baba akamwambia, "Huyu ndiye yule wa gari." Nikasema, "Hapana, Baba."

Nikamwambia yote. Kopo, uvungu wa lori, plaizi na majivu, mkeka, kidonda cha mguu, jikoni jioni ile. Nikamwambia kwamba ulikuwa umeniapisha na sasa nimevunja. Hakunikatiza. Mikono yake iliacha mahindi, ikalala tu juu ya ungo.

"Nilikuwa naikuta plaizi ina majivu," akasema. "Nikadhani ni mama yenu, anapasua karanga."

Kisha akaniangalia, na yale macho yake yaliyofifia yalikuwa yamejaa maji. Hakuwa na hasira, Dada. Afadhali angekuwa nayo. Akasema polepole, "Kumbe fundi tulimwozesha, tukamsomesha msusi."

Nilicheka, naye akacheka, na kicheko kikageuka kilio kwetu sote wawili, mahindi yakamwagika, na kuku wakapata sherehe yao.

Jana asubuhi alikwenda kanisani, na baada ya misa aliwasimamisha wazee wenzake mmoja baada ya mwingine pale nje, akawashika mkono. Nilimsikia. "Lile gari nililokuwa nawaambia, alilitengeneza Skolastika. Nilikosea." Yule mzee, aliyewahi kukosea na kukubali mara ngapi maishani? Wewe na mimi tunaweza kuhesabu kwa vidole vya mguu mmoja. Tuliporudi nyumbani alikataa kuvua viatu, anataka kwenda Gwarama siku hiyohiyo. Nikamsihi angoje tupange.

Basi Jumamosi hii tunakuja, mimi na yeye. Ana lake la kukwambia na ameniambia nitakaa mbali akisema. Mimi langu litakuwa kwa watoto wako. Nakuahidi nitawakalisha wote watatu, na shemeji akiwepo, niwaambie mama yao alikuwa nani kabla hajawa mama yao. Na Yusta akitaka kufungua redio, baiskeli au lori zima, hakuna mtu atakayemvuta kwa miguu nikiwa hai. Hiyo ni ahadi ya pili, na hii sitaizunguka.

Nimevunja kiapo, kwa hiyo kwa maneno yako mwenyewe wewe si dada yangu tena. Nikatae ukipenda. Mimi nitaendelea kukuita.

Pumzika, fundi wetu.

Mdogo wako,
Gervas, msusi